Uzi: Tumewapeleka watoto makumbusho ya sayansi mara ya pili, nimejifunza kunyamaza

KalamuNyeusi (mleta uzi)

Habari zenu wakuu,

Jumamosi iliyopita tulishinda kwenye makumbusho ya sayansi ya watoto, yale ambayo kila kilichomo kinashikwa, kinavutwa na kuzungushwa. Tulikuwa watano: mimi, mama watoto, binti yetu wa miaka 9, mdogo wake wa kiume wa miaka 6, na mama yangu mzazi ambaye masikio yake yameanza kuwa mazito. Naandika kwa sababu hii ilikuwa safari yetu ya pili, na tofauti kati ya ile ya kwanza na hii imenikaa kichwani wiki nzima.

Ya kwanza niliiharibu mimi. Niliingia na ramani mkononi, nimepania tumalize kumbi zote. Kila kifaa nakisomea kibao kwa sauti, naeleza kitakachotokea kabla mtoto hajagusa, kisha "haya, twendeni kingine". Kufika saa nane mchana mdogo analia, dada yake kajikalia sakafuni hataki kusogea. Jioni nikawauliza wamependa nini. Binti akafikiri kwa muda, akasema lifti. Liliniuma lile jibu.

Safari hii tulipatana na mama watoto mambo mawili kabla ya kuvuka mlango. Watoto watangulie, sisi nyuma. Na hakuna kusoma kibao mpaka mtoto aulize. Kwa saa nne na nusu tulitumia vifaa saba, vingine vyote tukavipita.

Nianze na mpira. Kuna bomba linalopuliza hewa kwenda juu, na juu yake mpira mwepesi unaelea, unatikisika lakini hauanguki. Mdogo aliuchomoa akaurudisha, akauchomoa akaurudisha, kama mara kumi hivi. Kisha akapitisha kiganja chini yake, ukadondoka. Akarudia kwa vidole viwili, halafu kwa kidole kimoja. Baadaye akagundua kuwa bomba lenyewe linainama. Akaliinamisha taratibu, na mpira ukabaki umening'inia hewani kwa pembeni, hauko tena juu ya kitu chochote. Akalala chali sakafuni ili autazame kwa chini. "Baba, nani anaushika?" Nikachuchumaa nikamweleza kadiri ninavyojua: hewa inaukumbatia, ukitaka kutoka inaurudisha. Dakika 25 tulikuwa pale. Mwaka jana nilimpa dakika moja.

Binti alivutwa na makapi, yale magurudumu ya kupitishia kamba za kunyanyulia mizigo. Magunia matatu ya mchanga yenye uzito sawa, kila moja na kamba yake. Kamba ya gunia la kwanza imepita kwenye kapi moja tu, ya gunia la mwisho imezungushwa kwenye makapi manne. La kwanza halikunyanyuka mpaka mama yake alipomsaidia kuvuta. La mwisho alilipandisha peke yake bila kukunja uso. Nikadhani amemaliza. Kumbe anarudi kwenye la kwanza, anavuta tena na mama yake huku anahesabu mivuto ya mkono: mitano. Akaenda la mwisho: kumi na tisa. Akanijia mbio. "Baba, hawajanipa kitu cha bure! Uzito wamenipunguzia, kamba wameniongezea."

Na mama yangu. Kuna sahani mbili kubwa kuliko mtu, zinatazamana kutoka pande mbili za ukumbi, hatua zaidi ya 30. Ukikaa mbele ya moja ukainong'oneza, aliyekaa kwenye ya pili anakusikia, na katikati watoto wanapiga kelele vilevile. Binti akamkalisha bibi yake, akakimbilia upande wa pili. Mimi nilikuwa nimesimama katikati, sikusikia hata herufi moja. Nilichokiona ni uso wa mama. Alishtuka, akachungulia nyuma ya sahani kuona kama kuna mtu, kisha akatulia na kufumba macho. Nyumbani tunamwita mara tatu ndipo ageuke. Pale alijibu kwa kunong'ona, mjukuu naye akajibu, wakaendelea hivyo wawili mpaka foleni nyuma yao ikawa ndefu. Nilipomuuliza mama ameambiwa nini, akasema hayo ni ya kwao.

Wenye uzoefu, nyie mnafanyaje mnapowapeleka watoto? Mnaeleza, au mnawaacha?

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Mkuu, hongera kwa kumpeleka na mama. Ila mimi kwenye hili nina mashaka, na nasema kwa uzoefu wangu.

Niliwapeleka wangu watatu. Kwa saa tatu walikuwa wanakimbia kutoka kitufe hadi kitufe. Wanabonyeza, taa inawaka, wanaondoka hata kabla haijazima. Kubonyeza si kujifunza. Makumbusho nijuavyo mimi ni mahali pa kuhifadhi vitu vya thamani na kuvitazama kwa heshima. Haya ya kushikashika naona ni uwanja wa michezo uliopewa jina kubwa. Mtoto afundishwe kanuni darasani kwanza, ndipo akaione kwa macho.

---

MzeeWaMiwani

Nahodha, heshima yako. Naomba nikupe historia kidogo, maana hili unalolisema limebishaniwa zaidi ya miaka 100.

Makumbusho ya watoto ya Brooklyn yalifunguliwa mwaka 1899. Kule Ujerumani, injinia Oskar von Miller alianzisha Deutsches Museum mjini Munich mwaka 1903, na jengo lake kwenye kisiwa cha mto Isar likafunguliwa 1925. Humo mgeni aliruhusiwa kubonyeza na kuzungusha mashine zilizokatwa ili tumbo la mashine lionekane. Mwaka 1937 Paris wakapata Palais de la Découverte chini ya mwanafizikia Jean Perrin, mshindi wa Nobel, majaribio yakifanywa mbele ya macho ya watu. Kwa hiyo si jambo la juzi.

Lakini mtu ninayependa umfahamu ni Frank Oppenheimer. Ni mdogo wake yule Robert Oppenheimer wa bomu la atomiki, na yeye pia alikuwa mwanafizikia. Mwaka 1949 alipoteza kazi yake ya chuo kikuu huko Minnesota kwa sababu ya siasa, maana aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti, na milango ya vyuo ikafungwa. Akaenda Colorado kufuga ng'ombe kwa miaka karibu 10. Kisha shule ya sekondari ya mji mdogo ikamchukua afundishe sayansi. Vifaa vya maabara vilikuwa haba, basi akawa anawachukua wanafunzi hadi kwenye lundo la vyuma chakavu, wanafungua injini na mitambo mibovu, wanatafuta humo joto, umeme na mwendo. Alipokuja kurudi chuo kikuu akajaza chumba kwa majaribio ambayo mwanafunzi angeweza kuyafanya mwenyewe, kwa wakati wake, na kuyarudia. Mwaka 1969 akafungua Exploratorium mjini San Francisco, na sehemu nyingi za aina hii duniani leo zimechota kwake, kwa sababu walichapisha maelekezo ya kutengeneza vifaa vyao ili wengine waige.

Yeye alishikilia kwamba hakuna mtu anayefeli makumbusho. Mimi nilifeli hesabu utotoni, nikachapwa, na tangu hapo nikiona namba moyo unaenda mbio. Ningepata mahali pa kukosea bila kuonekana mjinga, sijui maisha yangu yangeelekea wapi. Kwa hiyo wako hata wakikimbia, Nahodha, wanakimbia mahali ambapo hawaogopi.

---

Mwalimu wa Zamu

Nafundisha fizikia, niongeze kidogo.

Nahodha ana hoja, tusimpuuze. Vifaa si sawa. Kipo cha kitufe kimoja na jibu moja: bonyeza, taa inawaka, kwaheri. Mtoto akikikimbia hicho hana kosa, kimeisha. Kipo kingine ambacho mtoto anaweza kubadilisha kitu, akaona badiliko, akabadilisha tena. Mpira na bomba ni wa namna hiyo, makapi pia. Ndiyo maana mtoto wa mleta uzi alikaa dakika 25. Ukienda, vitafute hivyo vya pili. Utavitambua kwa haraka: mtoto aliyepo pale anafanya kitu tofauti na mtoto aliyemtangulia.

Kuhusu mpira, mkuu Kalamu, ulieleza vizuri kuliko vibao vingi. Vibao vingi huandika jina la Bernoulli, mwanasayansi wa zamani, na kusema hewa inayokwenda kasi ina mgandamizo mdogo, basi. Hiyo peke yake haitoshi. Mpira ukisogea pembeni ya mkondo, hewa inaushika mgongo wake na kupinda kuufuata, kisha inatupwa kwa nje. Hewa ikisukumwa kwenda nje, mpira nao unasukumwa kurudi ndani. Ukitaka kulihisi, fungulia bomba la maji, shika kijiko kwenye mpini kwa vidole viwili kining'inie, kisogeze mgongo wake taratibu hadi uguse maji. Utadhani maji yatakisukuma mbali. Yanakivuta.

Zile sahani za kunong'ona zina umbo la dishi la setilaiti. Sauti inayotoka kwenye nukta moja maalumu mbele ya sahani inapiga ukuta wake na kuondoka kwa mistari sambamba, haitawanyiki. Sahani ya pili inaipokea yote na kuikusanya kwenye nukta yake. Sauti ambayo ingesambaa ukumbi mzima imemwagwa kwenye sikio la mtu mmoja. Ndiyo maana wewe uliyesimama katikati hukusikia, na mama aliyekaa penye nukta akasikia. Kwa mwendo wa sauti wa takriban mita 340 kwa sekunde, mnong'ono wa mjukuu ulimfikia chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Mpe mama salamu zangu.

---

Kikoti cha Kijani

Mimi nimefanya kazi ndani ya ukumbi wa namna hiyo, nimevaa kikoti cha waelekezaji kwa miaka miwili nikiwa mwanafunzi. Kazi yetu haikuwa kueleza. Tulifundishwa kusimama pembeni, kumtazama mtoto anafanya nini, kisha kumuuliza swali moja tu: "Unadhani itakuwaje ukifanya hivi?" Halafu unafunga mdomo. Kufunga mdomo ndiko kugumu.

Niwasimulie moja. Tulikuwa na chumba chenye taa tatu, nyekundu, kijani na buluu, zinamulika ukuta mmoja. Zikiwaka zote ukuta unaonekana mweupe. Ukisimama mbele yake unapata vivuli vitatu, na hakuna cheusi: kimoja cha njano, kimoja cha waridi iliyokolea, kimoja cha buluu inayoelekea kijani. Aliingia msichana mdogo, miaka mitano hivi, akajaribu kukikanyaga cha njano. Akanyanyua mkono, mikono mitatu ikanyanyuka. Baba yake akaanza, "Unaona, mwanangu, mwanga mweupe ni mchanganyiko wa..." Nilimwomba kwa ishara asubiri. Yule mtoto akaenda hadi kwenye taa, akaziba ile ya buluu kwa kiganja. Ukuta wote ukawa njano. Akatazama ukuta, akatazama kivuli chake cha njano ambacho sasa hakionekani tena. Akaachia. Akaziba. Akaachia. Kisha akamgeukia baba yake akasema, "Kivuli changu ni mahali pa kukosa buluu."

Alisema hivyo kabisa, kwa maneno yake. Mpaka leo nikisikia mtu anasema watoto wanacheza tu, nakumbuka kile kiganja.

Ushauri mwingine kwa kifupi: fikeni mlango unapofunguliwa, makundi makubwa hayajaingia. Beba nguo za akiba kwa ajili ya meza za maji. Sakafu ya chumba cha mapovu huteleza mno, viatu vya kushika vizuri. Na kama kuna mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, asisogelee lile tufe la umeme tuli linalosimamisha nywele. Mwulizeni mhudumu kwanza. Vilevile mwenye kifafa na taa zinazowaka na kuzima.

---

Dada Subira

Nimeusoma uzi wote kwa furaha, na mleta uzi naona una moyo. Kwa hiyo naomba nikuulize jambo kwa upendo.

Mdogo alipouliza nani anaushika mpira, ulichuchumaa ukamweleza. Binti alipokuja mbio na hesabu yake ya kamba, hukutuandikia ulimjibu nini. Ulimjibu nini?

Nauliza kwa sababu kuna utafiti wa mwaka 2001, wa Kevin Crowley na wenzake, uliofanyika ndani ya makumbusho ya watoto huko Marekani. Waliwatazama wazazi na watoto wao kwenye vifaa hivihivi vya kushika. Wazazi waliongea na wavulana na wasichana sawasawa kuhusu namna ya kukitumia kifaa na kuhusu kilichoonekana. Ilipofika kueleza kwa nini kinakuwa hivyo, waliwaeleza wavulana mara tatu zaidi ya wasichana. Hawakukusudia. Ni watoto wadogo kabisa, hata somo la sayansi shuleni hawajaanza.

Mimi ni binti wa mtu aliyekuwa fundi wa redio. Kaka zangu walielezwa kila waya. Mimi niliambiwa nishike tochi. Tochi niliishika vizuri.

---

KalamuNyeusi (mleta uzi)

Dada Subira, nimekaa na swali lako siku mbili ndipo najibu.

Nilimwambia, "Safi sana, hongera." Kisha nikarudi kwa mdogo wake.

Nimejaribu kukumbuka siku nzima. Kwa mdogo: nilimweleza mpira. Nilimweleza kiti kinachozunguka, kwa nini ukivuta mikono kifuani unazunguka kasi zaidi. Nilimweleza nywele kusimama kwenye lile tufe, kwamba kila unywele umepata chaji ya aina moja na wenzake, ndiyo maana zinakimbiana. Kwa binti: hongera, na "mwangalie mdogo wako asianguke". Mama yake ndiye aliyekaa naye kwenye makapi. Nilikuwa naamini kuwa kwake nimefanikiwa kunyamaza, kumbe sikuwepo.

Jana jioni nilikaa naye na karatasi. Nikachora gunia na kamba nne zinazolishikilia. Nikamuuliza kila kamba inabeba kiasi gani. Akasema robo. Nikamuuliza gunia likipanda mita moja, kamba hizo nne zitakuwaje. Akachora, akafuta, akachora. "Kila moja itakuwa fupi kwa mita moja. Kwa hiyo mimi lazima nivute nne." Akanyamaza. Halafu: "Kumbe kapi lenyewe halina nguvu yoyote, linagawa tu." Nikamwambia ndiyo, na ndiyo sababu alipata kumi na tisa kwa tano, karibu mara nne, kwa kuwa hesabu ya mivuto ya mkono haiwezi kutoka kamili.

Aliichukua ile karatasi akaibandika juu ya kitanda chake. Asante sana dada.

---

Mama Kimya

Naomba na mimi nichangie, sikuwa nimepanga. Mwanangu ana usonji, ana miaka 8. Kelele nyingi zikimjia pamoja anaziba masikio, anajikunja, na hapo siku imekwisha. Tulijaribu makumbusho mara moja, ikaharibika mlangoni tu, watu wakitutazama. Nikasema sehemu hizi si zetu. Uzi huu umenitamanisha. Kuna aliyepita njia hii?

---

Kikoti cha Kijani

Mama Kimya, ni zenu kabisa. Sehemu nyingi siku hizi hutenga saa za utulivu: sauti za mitambo zinapunguzwa, taa za kuwaka na kuzima zinazimwa, watu wanaoruhusiwa kuingia ni wachache. Piga simu kabla uulize hilo kwa jina lake, saa za utulivu. Uliza pia kama kuna chumba kimya cha kupumzikia, na kama wana vifaa vya kuziba masikio vya kuazima. Mwonyeshe picha za ndani siku chache kabla, ajue mlango ukoje, ngazi iko wapi, choo kiko wapi.

Na usipange zaidi ya kifaa kimoja. Kulikuwa na kijana mmoja wa hali hiyo alikuwa akija na mama yake, anakwenda moja kwa moja kwenye meza ya mchanga yenye timazi linalochora. Unaliachia, linabembea na kuchora mistari inayopindana kwenye mchanga. Saa nzima hapo, kila mara analiachia kutoka mahali tofauti, anatazama mchoro hadi utulie. Hakuna mtu aliyewahi kukijua kile kifaa kama yeye. Mabadiliko ya milimita chache aliyaona, sisi wenye vikoti hatukuyaona.

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Wakuu, nimewasoma wote. MzeeWaMiwani, hilo la kuchapwa kwa hesabu nimelielewa, limenigusa mahali.

Nimewauliza wangu jana usiku, mmoja mmoja, kama kuna kitu wanakumbuka kule. Wakubwa wawili hawakuwa na cha kusema. Wa mwisho, ambaye nilidhani ndiye aliyekimbia kuliko wote, akaniambia kuna ukuta ulibaki na kivuli chake alipoondoka. Taa ilimulika ghafla, yeye alikuwa ameruka juu, na alipotua akakiona kivuli chake bado kiko hewani. Anasema alirudi pale mara nne peke yake wakati mimi nawatafuta. Akaniuliza kama vivuli vyote vinabaki ila hatuvioni. Ana miezi saba na swali hilo na hakuniuliza.

Mwalimu, naomba unisaidie nimjibu.

---

Mwalimu wa Zamu

Nahodha, mwambie hivi: kivuli chenyewe hakikubaki. Ukuta ule umepakwa rangi inayokunywa mwanga na kuutoa polepole. Taa ilipomulika, ukuta wote ulikunywa isipokuwa pale alipoukinga yeye kwa mwili wake. Kwa hiyo ukuta uling'aa na yeye akaonekana kama sehemu yenye giza, mpaka mng'ao ukaisha. Ukuta wa kawaida unaurudisha mwanga papo hapo, haubaki na akiba. Kisha mwulize: angesimama pale taa inamulika, halafu asiondoke, angejuaje kama kivuli kimebaki?

Sasa wote, kuna jambo moja mnaweza kulifanya nyumbani bila tiketi. Kata uzi wa mita moja, funga kokoto, ning'iniza mahali pasipoguswa. Urefu upimwe kuanzia fundo la juu hadi katikati ya kokoto. Vuta kidogo, achia, hesabu kwenda na kurudi mara 10 huku mwingine anatazama saa. Andika. Kisha badilisha kokoto, weka zito zaidi, rudia. Kabla ya kurudia, kila mtoto aseme anadhani itakuwaje, na aseme kwa nini. Wa kike na wa kiume.

---

KalamuNyeusi (mleta uzi)

Mwalimu, tumefanya leo baada ya chakula cha jioni. Bibi ndiye aliyeshika saa.

Uzi wa mita moja, mara 10: sekunde 20. Kokoto zito mara tatu: mdogo alisema litakwenda haraka kwa sababu ni zito, dada yake akasema polepole kwa sababu ni zito. Sekunde 20. Wakabishana kuwa bibi amekosea. Tukarudia mara mbili, 20 tena. Safari hii niliwaeleza wote wawili, nimekaa katikati yao: kokoto zito linavutwa zaidi, lakini pia ni gumu zaidi kusukumika, na hivyo viwili vinalingana.

Kisha binti akataka kuona uzi ukiwa nusu. Alitegemea sekunde 10. Ikatoka 14. Akakasirika kweli, akapima uzi upya, sentimita 50 kamili. Nikataka kumwambia. Nikakumbuka kikoti cha kijani, nikamuuliza anadhani uzi uwe na urefu gani ndipo tupate 10. Amekaa kimya anatazama kokoto.

Halafu kaniuliza: tukilipeleka hili mwezini, litakwenda haraka au polepole? Mwalimu, nimjibu?

---

Mwalimu wa Zamu

Mwulize yeye anadhani nini.

---

KalamuNyeusi (mleta uzi)

Anasema polepole, kwa sababu mwezi unavuta kidogo, kokoto halitakuwa na haraka ya kurudi chini.

---

Mwalimu wa Zamu

Yuko sahihi. Mwambie kwa uzi wa mita moja zile sekunde 20 zingekuwa karibu 49, kwa kuwa mvuto wa mwezi ni kama sehemu moja ya sita ya huku kwetu. Na akikuuliza kwa nini si mara sita, mwambie sababu ni ileile iliyompa 14 badala ya 10. Usiende zaidi ya hapo leo.

---

KalamuNyeusi (mleta uzi)

Nimemwambia. Ni saa nne usiku, alitakiwa awe amelala. Ameomba mkasi. Anakata uzi wa sentimita 25, mdogo wake anamshikia tochi, na bibi ameambiwa asiweke saa mbali.